Vipande 500 na sufuria moja jeusi: mikono inavyotuliza akili, na pale inaposhindwa

Boksi lilitoka Muscat, ndani ya begi la binamu yangu aliyekuja likizo. Juu yake kuna picha ya bandari ya Mutrah: majahazi mawili, majumba meupe, milima ya mawe kwa nyuma, halafu anga, anga tele. Ndani kuna vipande 500 vya kadibodi vya kuunganisha mpaka picha irudi. Pembeni wameandika kwa Kiingereza kwamba fumbo hili litakupa utulivu wa akili na kukurudisha kwenye wakati uliopo. Ilikuwa wiki ya tatu sipati usingizi wa maana. Nikasema haya, tujaribu, si dawa ya kumeza.

Siku ya kwanza nilikaa baada ya alasiri, sinia kubwa la pilau mbele yangu sakafuni ndiyo meza, maharage jikoni yanachemka taratibu. Niliponyanyua kichwa taa za jirani zilikuwa zimeshawashwa, shingo imekaza, na nyumba nzima inanuka moshi. Maharage yalikuwa yamegandana na sufuria likawa jeusi. Mpaka leo nalisugua kwa mchanga. Mwanangu akaniambia, "Mama, nimekuita mara tatu, unaitika 'abee' halafu huji." Sikumbuki kuitika.

Kwa mujibu wa boksi, jioni ile nilikuwa mtu mtulivu. Kwa mujibu wa sufuria, sikuwepo kabisa. Nani mkweli? Jibu ni refu kidogo, kwa sababu watu wamechukua mambo matatu tofauti wakayatia kapu moja: kupumbazika, kuzama, na kile kinachoitwa kwa Kiingereza "mindfulness", ambacho hapa nitakiita uzingativu.

Kupumbazika tunakujua. Umekasirika, unawasha tamthilia. Una deni, unapekua simu mpaka saa saba usiku. Akili inapewa kitu cha kutafuna ili isikutafune wewe. Tamthilia ikiisha, deni liko palepale mlangoni limekaa kwenye kiti. Sikudharau kupumbazika, kuna siku ndicho kitu pekee kinachokufikisha asubuhi. Lakini tusikiite jina lisilo lake.

Kuzama ni jambo jingine. Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia Mhangaria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Chicago, alianza miaka ya 1970 kuwauliza wapanda majabali, wachezaji sataranji, wacheza ngoma na madaktari wa upasuaji: huwa mnajisikiaje kazi inapokolea? Majibu yalifanana. Kazi iwe ngumu kiasi kinacholingana na ujuzi wako. Ikizidi unapata hofu, ikipungua unachoka. Lengo lijulikane. Kila hatua ikupe jibu hapohapo, umepata au umekosa. Hayo yakitimia, saa hupotea, na hata wewe mwenyewe hupotea. Hiyo ndiyo hali iliyounguza maharage yangu. Ukitaka kuiona kwa macho huna haja ya kwenda Chicago: pita kijiweni penye bao. Mashimo 32, kete 64, na mzee aliyeingia kwenye mtaji anahesabu mizunguko minne mbele. Huyo hata umwambie nyumba yake inaungua hakusikii, isipokuwa ile nyumba ya kwenye bao.

Kuzama ni raha, na pengine ni miongoni mwa raha bora tulizopewa. Ila uzingativu hauko hivyo. Anayezama hajui yuko wapi. Anayezingatia anajua.

Neno lenyewe lina safari. Wabudha wa kale walikuwa na neno la Kipali, "sati", ambalo kwa asili ni kumbukumbu, kukumbuka. Mwaka 1881, T. W. Rhys Davids, Mwingereza aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali kisiwani Ceylon, Sri Lanka ya leo, alipokuwa akitafsiri maandiko yao alilitilia neno la Kiingereza "mindfulness", nalo likashika. Karibu karne moja baadaye, 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha programu, ambayo siku hizi huwa ya wiki nane, katika chuo cha udaktari cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo ambao hospitali ilikuwa haijaweza kuwamalizia shida. Aliondoa vazi la dini akabakiza zoezi: kuangalia kwa makusudi, wakati huuhuu, bila kuhukumu. Na zoezi la kwanza kabisa wanalopewa washiriki hata si kufumba macho. Ni zabibu kavu moja. Unaishika, unaigeuza, unapapasa mikunjo yake, unainusa, unaiweka ulimini bila kuitafuna, ndipo unaitafuna. Kwa hiyo wanaodhani uzingativu ni kukaa tu umekunja miguu mkao wa lotasi, na kwamba kazi za mikono ni nyongeza ya juzi, wamekosea: mkono ulikuwepo tangu mlangoni.

Nirudi kwenye "kukumbuka", maana hapo ndipo ufunguo ulipo na ndipo Kiswahili kinaposaidia kuliko Kiingereza. Kukumbuka nini? Kukumbuka kwamba upo hapa. Sisi tuna kineno kinachotoka chenyewe mtu anapojikuta: kumbe. Kumbe nimeshapita kituo! Kumbe nimetia chumvi mara mbili! Uzingativu, kwa jinsi ninavyouelewa, unakaa ndani ya hiyo kumbe. Akili haikai mahali pamoja, haijapata kukaa. Inatoka, inatembea, na ghafla: kumbe nimeondoka. Unarudi. Inatoka tena. Mazoezi yote ni kuifanya kumbe ije mapema, na ije bila kofi.

Kwamba akili hutoka, hilo limepimwa. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walichapisha utafiti walioufanya kwa njia ya simu: watu wazima 2,250 waliulizwa ghafla, katikati ya shughuli zao, unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje. Asilimia 46.9 ya majibu, yaani karibu nusu, mtu alikuwa akiwaza kitu kingine kisicho anachokifanya. Na waliokuwa mbali kimawazo walijisikia vibaya zaidi. Hata waliokuwa wakiwaza mambo mazuri hawakuwazidi furaha waliokuwa palepale kwenye shughuli yao. Nililiona hilo la mwisho gumu kuamini, kwa sababu mimi kuwaza nyumba nitakayojenga ni starehe. Lakini nikifikiria sana, starehe hiyo kila mara huishia kwenye bei ya mabati.

Mtu mwenye wasiwasi ukimwambia "kaa kimya, tulia," mara nyingi umemfungulia zizi. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, walieleza jambo lililowashangaza: kuna sehemu za ubongo zinazofanya kazi zaidi pale mtu anapoambiwa apumzike asifanye kitu. Tafiti zilizofuata zimezihusisha sehemu hizo na kujifikiria mwenyewe, kukumbuka ya jana, kupanga ya kesho. Ubongo usio na kazi hujitafutia kazi, na kazi iliyo karibu zaidi ni wewe na matatizo yako.

Basi akili inahitaji kigingi. Mbuzi hula urefu wa kamba yake. Methali hii wanasiasa wameichafua, sasa ukiitaja watu wanafikiri unazungumzia rushwa, lakini mimi naitaka kwa maana yake ya malishoni. Kamba haimzuii mbuzi kutembea. Inamrudisha. Pumzi ni kigingi, ndiyo maana walimu wengi wa mambo haya huanza nayo. Ila pumzi ni kigingi chembamba, haishikiki, haina rangi, na kwa mtu aliyepitia jambo la kutisha, kufumba macho na kusikiliza mwili wake mwenyewe kunaweza kumrudishia lile jambo badala ya kumpumzisha. Kitu cha mkononi ni kigingi kinene. Kina uzito, kina ncha, kina baridi au joto, na macho yanabaki wazi.

Kuna sababu nyingine, ya nafasi. Waingereza wawili, Alan Baddeley na Graham Hitch, walipendekeza mwaka 1974 kwamba ile kumbukumbu tunayoitumia sasa hivi kwa kazi iliyo mbele yetu ni ndogo na ina vyumba: kimoja cha maneno na sauti, kingine cha picha na mahali vitu vilipo. Chumba kikijaa, kimejaa. Mwaka 2009 Emily Holmes na wenzake wa Oxford waliwaonyesha watu filamu yenye matukio ya kutisha, kisha baada ya nusu saa baadhi yao wakacheza Tetris, ule mchezo wa kugeuza na kupanga vipande vinavyoshuka. Wiki iliyofuata, waliocheza walisumbuliwa na picha za ile filamu mara chache kuliko wasiocheza. Kugeuza maumbo kichwani kulichukua chumba ambacho picha za kutisha zilikuwa zinakitaka.

Fumbo la vipande nalo ni kugeuza maumbo, kwa hiyo naona si ajabu likisaidia mtu anayesumbuliwa na picha. Lakini wasiwasi wangu mimi haukuwa wa picha. Ulikuwa wa maneno: ada ya shule, mwenye nyumba, ile sentensi niliyomwambia dada yangu kwenye simu. Na hapo nikagundua kitu ambacho boksi halikukisema. Unaweza kugeuza kipande kwa mkono huku mdomo wa ndani unahesabu madeni. Chumba cha picha kimefungwa, cha maneno kiko wazi, na wageni wanaingia.

Kwa hiyo si kila kazi ya mikono ni kigingi, na si kila siku. Aliyenifundisha hilo, miaka mingi kabla sijasikia habari za Massachusetts, ni bibi yangu mzaa mama, Pemba, kwa ukili.

Wasioujua: ukindu huchanwa majani, ukaanikwa, mwingine ukachemshwa kwa rangi, kisha husukwa kuwa utepe mrefu, ndio ukili, ukili ukizungushwa na kushonwa kwa sindano hupatikana mkeka. Kabla ya kusuka unanyunyizia maji, maana ukindu mkavu huvunjika. Nilikuwa na miaka kama tisa. Vidole vyangu vilikuwa vinajua mwendo, juu, chini, kunja, vuta, na ukindu mbichi ulikuwa na harufu ya majani yaliyolala nje kwa mvua. Nilikuwa nasuka nikiwaza rede. Ukili una tabia moja: ukiruka jani moja, huoni kitu hapohapo. Unaendelea. Baada ya shubiri hivi ndipo upande mmoja unaanza kulala, na rangi inatoka kwenye mstari.

Bibi hakusema "umekosea". Aliuchukua ukili, akaurudisha kwa kidole gumba mpaka penye kosa, akaniuliza, "Mke mwenzangu, hapa ulikwenda wapi?" Na cha ajabu, nilikuwa najua. Hapo nilikuwa kwa kina Time, tunagombania mpira. Akafumua mpaka hapo, akanirudishia. Alifumua kama anavyofungua kanga, hana haraka wala hana hasira.

Nadhani sijasikia maelezo bora ya "bila kuhukumu" kuliko yale, na ni kipengele kinachoeleweka vibaya kuliko vyote. Watu wanadhani maana yake ni kwamba kila kitu ni sawa tu. Si sawa. Ukili umeharibika na lazima ufumuliwe. Kinachoachwa ni ile kesi ya pili tunayojifungulia wenyewe juu ya kosa la kwanza: mimi mzembe, mimi siwezi kitu, wenzangu wote wameshamaliza. Kosa linafumuliwa kwa dakika mbili. Kesi ya pili inaweza kuchukua usiku mzima.

Lakini nisimfanye bibi kuwa mtawa. Yeye mwenyewe alisuka akisema watu. Alisuka gizani, alisuka akisinzia, mikono ilikuwa haimhitaji tena. Kama ningemuuliza ukili wake ulikuwa na uzingativu gani angenicheka. Hapa pana jambo linalowaumiza wajuzi: kazi ukiishaizoea inaacha kuwa kigingi, kama vile dereva wa daladala anavyofika Mbagala asikumbuke taa za Mtoni. Mwanafunzi ana bahati kuliko fundi. Fundi akitaka kurudi lazima abadilishe kitu: apunguze kasi, abadili mkono unaoongoza, au achague mshono ambao hajawahi kuushona.

Sasa tulipime fumbo la vipande kwa haya. Lina mguso. Lina jibu la papo hapo, kipande kimeingia au hakikuingia. Ila lina kasoro moja kubwa, nayo ni ile picha juu ya boksi. Unajua unakokwenda, na kila kipande kinachoingia ni pipi ndogo. Kimoja tena. Kimoja tena basi. Hiyo "kimoja tena" ndiyo inayokutoa kwenye wakati uliopo na kukupeleka kwenye wakati ujao, ule wa kumaliza. Kwa maoni yangu kazi bora zaidi kwa zoezi hili ni ile isiyo na zawadi: kuchagua mchele. Ungo mapajani, unausambaza kwa kiganja, unatoa jiwe, unatoa chuya, unasukuma uliokwisha kuuona upande wa pili. Hakuna ushindi. Mchele ukiisha, umeisha. Ukiondoka kimawazo, jino litakwambia usiku kwenye chakula. Michezo ya simu naiweka mkiani kabisa, kwa sababu imetengenezwa na watu wanaolipwa ili usiweze kuiacha, na mkono unaotumika ni kidole gumba tu.

Na bado, kitu chenyewe hakitoshi. Mwaka 2015 Adam Hanley na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida waliwapa wanafunzi 51 vyombo vya kuosha. Nusu walisomeshwa kwanza maelezo ya kawaida ya namna ya kuosha vyombo. Nusu nyingine walisoma maneno ya mtawa mmoja Mbudha wa Vietnam, ya kuosha chombo kwa ajili ya kuosha chombo: harufu ya sabuni, uvuguvugu wa maji, sahani ilivyo mkononi. Kundi la pili walisema wasiwasi wao umepungua kwa asilimia 27, na kuamka kwa akili kumeongezeka kwa asilimia 25. Kundi la kwanza, hakuna kitu. Utafiti ni mdogo, na ni watu wakijieleza wenyewe, kwa hiyo usiutundike ukutani. Ninachokipenda ni kwamba sabuni ilikuwa ileile na masinki ni yaleyale. Kilichotofautiana ni walikoelekeza akili. Ingekuwa kuosha vyombo peke yake kunatuliza, akina mama wa nchi hii wangekuwa watu watulivu kuliko wote duniani.

Madai mengine ya kwenye maboksi, kwamba fumbo linanoa ubongo, nayo yamejaribiwa. Watafiti wa Ujerumani walichapisha mwaka 2018 matokeo ya watu wenye miaka 50 na kuendelea, ambao baadhi yao walipewa mafumbo wayafanye angalau saa moja kwa siku kwa siku 30. Mwishoni uwezo wao wa akili haukuwazidi wenzao kwa kiasi cha maana. Waliokuwa wameunganisha mafumbo maishani mwao mwote ndio walioonekana kuwa na akili nyepesi zaidi, lakini hapo huwezi kujua kama fumbo ndilo lililonoa ubongo, au ubongo mkali ndio uliopenda mafumbo.

Historia ya kitu hiki nayo ni ya kuchekesha, maana hakuna aliyekianzisha kwa ajili ya utulivu. John Spilsbury, mchora ramani wa London, alibandika ramani kwenye mbao miaka ya 1760 akazikata kwa kufuata mipaka ya nchi, watoto wajifunze jiografia. Kilichokuja baadaye ni watu wenye hofu kukigeukia wenyewe. Katika mdororo mkubwa wa uchumi, Marekani ya mwanzoni mwa 1933 ilikuwa ikinunua mafumbo milioni 10 kwa wiki, ya kadibodi ya bei poa, wengine wakiyaazima maktaba. Mwaka 2020, dunia ilipofungiwa ndani na korona, maduka yakaishiwa tena. Hata hospitali zilifika hukohuko kwa njia yao: baada ya chama cha kwanza cha tiba ya kutumia kazi za mikono na shughuli za kila siku kuundwa Marekani mwaka 1917, askari walioharibiwa na vita kuu ya kwanza walipewa vikapu vya kusuka na mbao za kuchonga kama sehemu ya matibabu. Ndiyo fani inayoitwa kwetu tiba kwa vitendo, inayofundishwa Moshi, pale hospitali ya KCMC. Huko mkeka una kazi pana kuliko utulivu, mtu anarudishiwa mkono, ratiba na heshima yake.

Kuna wanaoniuliza kama hii si ibada ya watu wengine. Swali la haki. Sala ina mwelekeo wake, ni kwa Mungu, na zoezi la zabibu halijifanyi kuwa hivyo. Lakini ule udhaifu linaoushughulikia tunaufahamu vizuri: kitu ulichokitafuta wiki nzima hukikumbuka kwenye rakaa ya pili. Masheikh wamehimiza khushuu tangu zamani, moyo uwepo pale mwili ulipo, na vidole vimepewa tasbihi. Wakatoliki wana rozari. Shanga, kidole, neno, shanga. Kigingi.

Mimi sasa nafanya hivi. Kwanza nazima jiko. Naweka kengele ya simu dakika 20, simu naiacha chumba kingine. Nachukua kipande kimoja, cha anga kwa kawaida, maana hivyo ndivyo nilivyobakiwa navyo. Kabla sijakijaribu popote nakishika. Upande wa juu unateleza, wa chini una vumbi laini la kadibodi. Pembe moja imevimba kidogo, mtoto aliitia mdomoni. Kina masikio mawili na matundu mawili. Nakipeleka mahali nilipodhania. Hakiingii. Na hapa, kama niko macho, nauona mwili: kidole gumba kinabonyeza kwa nguvu, taya limeuma, kuna sauti inasema "si hiki hiki?" Kumbe nimeshakasirika, kwa ajili ya kadibodi ya bluu. Nalegeza taya. Nakirudisha kwenye sinia. Ada ikija, najisemea "ada", kama unavyomwitikia mtu anayepita barabarani, halafu kipande kingine.

Kengele ikilia, naacha. Hata kama kipande kiko mkononi na tundu lake nimeliona. Hicho ndicho kipimo nilichojitungia: ukiweza kuacha hapo, ulikuwepo. Ukishindwa, ulikuwa umezama, na hakuna ubaya, ila kaangalie jiko. Kati ya siku nne nashindwa mara moja au mbili.

Usingizi? Umerudi kiasi. Lakini mwezi huohuo ada ililipwa, kwa hiyo sijui nimshukuru nani. Na kwa mtu ambaye huzuni imemkalia wiki kadhaa, hali, halali, haoni sababu ya kuamka, mahali pake ni kwa daktari, fumbo limsubiri nyumbani. Hata mazoezi haya yanapotumika hospitalini hufanywa chini ya wataalamu. Uingereza, kwa mfano, tangu 2004 miongozo ya tiba inapendekeza aina yake moja ya kikundi kwa watu ambao sonona imewarudia mara kadhaa, kuwakinga wasirudiwe tena, na walengwa ni wale waliokwisha kupata nafuu.

Bandari nimeimaliza. Majahazi yote mawili yapo, na milima. Anga bado, kama vipande themanini, vyote bluu. Na sinia linatakiwa Ijumaa kwa pilau.